Je, Yafaa Mwanafunzi Kumsema Mwenzake?

Mtu akimwona mwizi wa kuku usiku hapati taabu ya kufikiri. Hupiga yowe, majirani hutoka na taa zao, na asubuhi yake hushukuriwa. Lakini mwanafunzi akimwona mwenzake anaiba katika mtihani, mara nyingi hunyamaza, na kwa kunyamaza kwake husifiwa na wenziwe kuwa ni mtu wa siri, asiyemuuza rafiki. Akisema, hupewa jina la mchongezi, na jina hilo humfuata hata baada ya kutoka shuleni. Yafaa jambo hili lifikiriwe kwa makini, maana haliwapati wanafunzi peke yao. Karani amwonaye karani mwenzake akiandika stakabadhi ya uongo, na mkulima amwonaye jirani yake akitia maji katika maziwa ya ushirika, wote hao hujiuliza swali lile lile: Niseme, au ninyamaze?

Mjini Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, uko mtaa uitwao Kihoto, upande wa ziwani. Wengi wa wakaao humo ni watu wa kazi za mikono: wachuma maua katika mashamba yaliyolizunguka ziwa, wavuvi, mafundi, na wachuuzi wa mboga na samaki. Jina la mtaa huo ni neno la Kikuyu. Maana yake ni haki, na tena ni hoja iliyo sawa, iwezayo kumshinda mtu pasipo kumpiga. Wazee wa Kikuyu wana methali isemayo kwamba kihoto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa; yaani, hata mtu mwenye hasira aliyekwisha kushika silaha hulegea akiambiwa neno la haki kwa njia ya haki. Basi neno hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ukweli wenyewe, na ya pili ni namna ukweli huo unavyosemwa. Mtu akikosa sehemu ya pili, hata akiwa amesema kweli, atakuwa amechongea tu.

Na afikiriwe msichana mmoja wa mtaa huo. Jina lake halina haja hapa, kwa kuwa wako wengi mfano wake.

Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda, yakaingia katika nyumba za Kihoto. Mama yake msichana huyo alichukua watoto, magodoro na sufuria, akahamia kwa jirani aliyekaa mahali palipoinuka kidogo. Walikaa humo miezi mitatu. Yule jirani hakuwadai kodi wala hakuwahesabia unga. Alikuwa na binti wa rika moja na msichana huyu, na wale watoto wawili wakasoma kwa taa moja, wakala katika sahani moja, wakawa kama ndugu wa tumbo moja. Maji yalipopungua na familia ile ikapata chumba cha kupanga mahali pengine, urafiki haukupungua. Waliingia shule moja ya sekondari, wakawa wanakwenda na kurudi pamoja kila siku.

Walipofika kidato cha nne ulikuja mtihani wa majaribio, ule ambao walimu huwapa wanafunzi miezi michache kabla ya mtihani wa taifa. Mwaka huo mtihani wa majaribio ulikuwa na jambo la zaidi. Mfadhili mmoja alikuwa ameahidi kwamba mwanafunzi atakayeongoza katika masomo ya sayansi atalipiwa karo yote iliyobaki. Kwa mtoto wa mchuma maua, ahadi hiyo si jambo dogo. Mzazi mwenye deni la karo hulala na deni hilo, na huamka nalo.

Asubuhi ya karatasi ya Kemia, kabla ya kengele kulia, msichana yule alikwenda nyuma ya vyoo, akamkuta rafiki yake amesimama peke yake, ameshika kikaratasi kilichokunjwa, midomo inamcheza. Rafiki alishtuka, akakisukuma kile kikaratasi ndani ya soksi, akacheka, akasema, "Umenitisha." Katika chumba cha mtihani rafiki aliketi mbele yake, safu mbili. Mara mbili aliinama kama mtu anayejikuna mguu. Msichana hakuona jambo lingine zaidi ya hayo.

Katika shule za Kenya kikaratasi cha namna hiyo huitwa mwakenya. Jina hilo lilikuwa la chama cha siri cha siasa cha miaka ya 1980, ambacho maandishi yake yalipitishwa kwa kificho kutoka mkono hata mkono. Wanafunzi wakaliokota jina, wakakipa kikaratasi chao, na hata leo wako wanaolitumia wasijue asili yake. Ni ajabu kwamba chama kile kilipigwa vita na serikali kwa nguvu zake zote, lakini kikaratasi kinaishi.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, rafiki yule alikuwa wa kwanza, kwa alama ambazo hajapata kuzifikia siku zote. Wa pili, aliyeachwa kwa alama nne tu, alikuwa msichana mkimya ambaye mama yake huuza samaki kando ya barabara. Siku ile ile wanafunzi wawili walisema kwamba wamesikia yule wa kwanza alinunua maswali kwa mtu. Hapo moyo wa msichana ukaanza kumsumbua.

Alikuwa na sababu tatu za kunyamaza, na yafaa zitajwe zote, maana hazikuwa sababu za kijinga. Ya kwanza ilikuwa deni la wema. Aliwezaje kumtia aibuni binti wa nyumba iliyowafunguliwa mlango siku ya maji? Ya pili ilikuwa shaka. Labda kikaratasi kile kilikuwa cha kujikumbusha tu, na mguu uliwasha kweli. Ya tatu ilikuwa hofu ya jina la mchongezi.

Hofu hiyo ya tatu ina mizizi mirefu katika sehemu zile za Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na kukoma mwezi wa Januari 1960, watu walipangwa mstari, na mbele yao akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walipita mmoja mmoja. Aliyefunikwa alipotikisa kichwa kwa namna fulani, mpitaji alikamatwa akapelekwa kizuizini. Wakikuyu walimwita mtu huyo gakunia, yaani kigunia. Aliyekamatwa hakujua ni nani aliyemsema, wala amemsema kwa jambo gani, wala kama ni kweli au ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Watoto wa watu waliopita mbele ya gunia lile waliwafundisha watoto wao kwamba mtu mwema hamsemi mwenzake. Mafunzo hayo yalizaliwa katika maumivu ya kweli, wala si haki kuyacheka. Lakini yafaa kuuliza: Ubaya wa gakunia ulikuwa katika kusema, au ulikuwa katika gunia?

Msichana yule alikuwa pia na sababu moja mbaya ya kusema, naye aliijua. Yeye mwenyewe alikuwa amepata nafasi ya tano. Mtu wa tano akimsema mtu wa kwanza, watu wana haki ya kumtazama mara mbili. Akajipima kwa njia hii. Alijiuliza, "Kama aliyeinama angekuwa mtu nisiyempenda, ningenyamaza?" Moyo ukamjibu kwamba asingenyamaza hata siku moja. Akajiuliza tena, "Kama mimi nisingekuwa na wivu wowote, jambo hili lingekuwa halali?" Moyo ukamjibu kwamba lisingekuwa. Ndipo alipofahamu kwamba mapenzi yalikuwa yakimvuta upande mmoja na wivu upande mwingine, na kwamba katika hayo mawili hapana hata moja lifaalo kuwa hakimu.

Alikuwa na mjomba wake, karani katika chama cha ushirika cha maziwa. Akamwendea Jumapili alasiri, akamweleza yote. Mjomba hakumwambia aseme, wala hakumwambia anyamaze. Alichukua karatasi, akaikunja sehemu tatu, akasema, "Mwanangu, hapa andika uliyoyaona. Hapa andika uliyoyasikia. Na hapa andika unayoyadhani."

Msichana akaandika. Sehemu ya kwanza ilipata mistari minne. Sehemu ya pili ilipata miwili. Sehemu ya tatu ilijaa mpaka chini, maneno yakageukia nyuma ya karatasi. Mjomba akaitazama, akasema, "Waona? Usiku usingizi wako hauli hii mistari minne. Unaliwa na hii ya nyuma."

Kisha akamweleza habari za maziwa. Kila asubuhi maziwa hupimwa kwa chombo kiitwacho laktometa, kinachoelea. Maziwa yaliyotiwa maji huwa mepesi, na chombo huzama zaidi. Lakini maziwa yenye joto la ng'ombe nayo huwa mepesi kidogo kuliko yaliyopoa, na asiyejua anaweza kumwita mwizi mkulima ambaye kosa lake ni kukaa karibu na kituo na kufika mapema. Kwa hiyo karani mwenye busara hungoja maziwa yapoe kabla ya kumhukumu mtu, na akibaki na shaka hutaka ng'ombe akamuliwe mbele ya mashahidi. Hiyo ndiyo haki ya mshukiwa. Lakini iko haki nyingine. Maziwa ya wote humiminwa katika tangi moja. Mtu mmoja akitia maji, na jirani yake aliyemwona akanyamaza kwa sababu ya ujirani, kiwanda hukataa tangi zima. Mama mjane aliyeleta chupa mbili za maziwa safi hurudi nyumbani mikono mitupu, naye hajui hata ni nani aliyemnyima.

Mjomba akairudisha ile karatasi, akasema, "Humu mmo wawili tu, wewe na rafiki yako. Je, wa tatu yuko wapi?"

Msichana hakuwa amemwandika binti wa muuza samaki, hata katika sehemu ya dhana.

Hilo ndilo jambo kubwa katika habari hii yote. Anayefikiri juu ya kumsema mwenzake huona watu wawili: yeye na rafiki yake. Huona uso wa rafiki, machozi yake, mama yake, wema wake wa zamani. Yule anayedhulumiwa haonekani, kwa kuwa udhalimu wa mtihani hauachi kidonda wala hauvunji mlango. Mwenye kuku aliyeibiwa hulia, watu wakamsikia. Aliyenyang'anywa nafasi hajui kwamba amenyang'anywa. Hudhani hakusoma vya kutosha, hurudi nyumbani akajilaumu. Basi mtu akisema, "Nitanyamaza nisimwumize mtu," hajachagua kutoumiza. Amechagua kumwumiza asiyeonekana badala ya anayeonekana.

Mambo haya yalionekana kwa ukubwa zaidi katika Kenya nzima. Katika mitihani ya taifa ya mwaka 2015 maswali yalivuja na kuuzwa, mengine kwa simu. Matokeo ya watahiniwa 5,101 wa kidato cha nne yalifutwa, na ya watoto 2,709 wa darasa la nane yakafutwa pia. Mwezi wa Machi 2016 serikali iliivunja bodi ya Baraza la Mitihani la Taifa, baraza lililoundwa mwaka 1980, ikaweka watu wengine. Mwaka huo huo walimu wakuu walifanywa wasimamizi wa vituo vyao, na masanduku ya mitihani yakalindwa kwa njia mpya. Matokeo yalipotoka mwishoni mwa 2016, waliopata alama ya A walikuwa 141 katika nchi nzima; mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Watu walibishana sana juu ya sababu zote za tofauti hiyo. Lakini na afikiriwe kijana aliyepata A yake kwa haki mwaka 2015, kwa kukesha na kutoka jasho. Alikwenda kuomba kazi au nafasi ya chuo na cheti cha kweli mkononi, na mtu akautazama ule mwaka, akatabasamu. Kijana yule hakuibiwa alama. Aliibiwa imani ya watu.

Yako mabaya zaidi ya hayo. Ikionekana kwamba wizi katika kituo ulikuwa wa kushirikiana, matokeo ya kituo kizima yaweza kuzuiwa au kufutwa, mwenye hatia na asiye na hatia pamoja. Hapo ndipo tangi la maziwa linaporudi. Kwa hiyo mtihani wa majaribio, ijapokuwa hutungwa na walimu tu na cheti chake si cha taifa, una thamani ya pekee kwa jambo hili. Kosa likisemwa wakati huo laweza kutengenezwa. Likiachwa mpaka mtihani wa taifa, huwa mikononi mwa polisi na mahakama.

Msichana yule hakwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Alimwendea rafiki yake kwanza, jioni, walipokuwa wakitoka shule. Akamweleza ile mistari minne. Hakutaja waliyosema wengine.

Rafiki alikasirika sana. Akasema, "Kwetu mlilala miezi mitatu, leo unanilipa hivi?"

Msichana akajibu, "Sijasahau. Ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa mwalimu."

Rafiki akasema kile kikaratasi kilikuwa cha kujikumbusha tu, na kwamba hakukitazama ndani ya chumba. Msichana akamwambia, "Yaweza kuwa hivyo. Basi nenda mwenyewe umweleze mwalimu hivyo hivyo, kabla ya Ijumaa. Usipokwenda nitakwenda mimi, na nitasema niliyoyaona, sitaongeza neno." Waliagana bila kupeana mkono.

Ijumaa ilifika, rafiki hakwenda. Jumatatu msichana akabisha hodi katika ofisi ya mwalimu wa darasa, magoti yanamtetemeka. Akasema mistari yake minne. Mwalimu akamwuliza kama ni kweli maswali yalinunuliwa. Akajibu, "Hilo sikuliona, mwalimu." Akamwuliza kama anaamini rafiki yake aliiba. Akajibu, "Ninayoyaamini hayatakufaa. Niliyoyaona ndiyo hayo."

Mwalimu yule alikuwa mtu mwenye akili. Hakumwita mshukiwa mbele ya gwaride la asubuhi, wala hakumtaja aliyeleta habari. Alimwita binti faraghani akamsikiliza maneno yake. Kisha akawaambia wanafunzi saba wa kwanza, na msichana yule akiwamo, kwamba kwa sababu ya fedha za mfadhili watafanya karatasi nyingine ya Kemia, mpya, kila mmoja kwenye meza yake peke yake. Katika karatasi hiyo binti yule alipata alama nzuri za kadiri, lakini chini sana ya zile za kwanza. Binti wa muuza samaki alipata kama alivyopata mwanzo. Karo ikalipwa ya kwake. Mpaka mwisho haikuthibitika ni nini kilichoandikwa katika kile kikaratasi, na mwalimu hakumwandikia mtu yeyote neno la wizi katika kitabu chake. Alitengeneza lile lililoweza kutengenezwa, akaacha lile asilolijua.

Lakini msomaji asidhani kwamba mambo yaliishia kwa furaha. Tangu siku ile wale wasichana wawili hawakutembea tena upande mmoja wa barabara. Mama yake msichana alipopata habari, alinunua kilo mbili za sukari, akaenda nyumba ile iliyowapokea mwaka 2020. Akasema, "Dada, jambo la watoto ni la watoto. Deni letu kwenu liko pale pale, wala halifutwi." Mwenye nyumba aliipokea sukari, akashukuru, lakini hakumkaribisha kuketi. Mtu anayewashauri vijana waseme kweli, bila kuwaambia kwamba kweli yaweza kuwagharimu rafiki, anawadanganya.

Je, alifanya haki? Wako wanaosema kwamba kulinda mtihani ni kazi ya walimu, nao hulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mtoto hana haja ya kujitwika mzigo wa mkubwa. Neno hilo lina uzito. Lakini mwalimu ana macho mawili na wanafunzi arobaini au zaidi, na mengi hufanyika mahali asipofika. Wengine husema kwamba shule yenye wanafunzi wa kusemana haina amani. Hilo nalo ni kweli, kama kusemana huko ni kwa kunong'ona, kwa barua zisizo na jina, na kwa maneno ya "nimesikia." Shule ya namna hiyo ni uwanja wa magunia. Msichana huyu hakuvaa gunia. Aliyemsema alimjua, alikuwa amekwisha kuambiwa jambo lenyewe uso kwa uso, na alipewa nafasi ya kujitetea mara mbili: kwanza kwa rafiki yake, kisha kwa mwalimu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mchongezi na shahidi. Mchongezi hupeleka hukumu iliyokwisha kupikwa, na shahidi hupeleka alichokiona, akamwachia mwenye mizani apime.

Liko jambo moja la kuangaliwa. Si kila mara mtu apaswa kumwendea mshukiwa kwanza. Ikiwa anayeuza maswali ni mtu mzima, au ni mwalimu, au ni genge la watu wenye fedha, mtoto asijaribu kukabiliana nao. Sheria ya mwaka 2012 ya Baraza la Mitihani ina adhabu za kifungo na faini kubwa kwa wavujishaji wa mitihani, na watu wenye kuogopa adhabu kubwa waweza kufanya jambo lolote. Hapo mtoto amwambie mzazi, au mkubwa mwingine anayemwamini, na mkubwa ndiye achukue mzigo huo. Tena maswali mengi yauzwayo kwa simu siku za mtihani ni ya uongo mtupu, na mnunuzi hupoteza fedha za mama yake pamoja na heshima yake. Mwenzake akimwonya mapema atakuwa amemsaidia kuliko kumsaliti.

Basi kwa ajili ya wazazi, walimu, wazee wa kamati na wakuu wa ofisi, wote ambao siku moja watabishiwa hodi na mtu mwenye neno la namna hii, yafaa kukumbuka kwamba anayesema ametimiza nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni ya anayesikia. Akilipokea neno kwa pupa, atamwangamiza mtu kwa kujikuna mguu. Akilipuuza, atawafundisha watoto wote kwamba kusema ni bure, na mwaka ujao hatabishiwa hodi na mtu. Ayaache maziwa yapoe, kisha apime. Amsikilize mshukiwa faraghani, asimwuze aliyeleta neno, na amtafute wa tatu ambaye hakutajwa na mtu. Na mtoto akija mlangoni, magoti yanamtetemeka, swali la kwanza lisiwe, "Nani amekutuma?" Aulizwe, "Uliona nini?"